Kumpima Mzee Kumbukumbu: Mizani Ihakikiwe Kwanza

Mkulima wa alizeti wa Misigiri, pale njia panda ya kwenda Kiomboi katika wilaya ya Iramba, hakubali mazao yake yapimwe kwa mizani asiyoiamini. Anajua kwamba mizani mbovu haina nia ya kumwibia, lakini hasara anayoipata ni ileile. Ndiyo maana serikali ina Wakala wa Vipimo, na mizani isiyohakikiwa hairuhusiwi kutumika katika biashara. Katika makala haya napenda kuwaeleza walimu na wanafunzi wa shule za sekondari kwamba kuna mizani ya namna nyingine ambayo inaanza kuwafikia wazee wetu, nayo pia haina budi kuhakikiwa kabla ya kutumiwa. Mizani hiyo ni majaribio ya kumbukumbu ambayo waganga huyatumia katika kutambua ugonjwa wa demensia.

Rai yangu ni hii. Majaribio hayo yana manufaa, na mzee wa Misigiri ana haki ya kuyapata sawasawa na mzee wa London au Chicago. Lakini jaribio lililotungwa kwa ajili ya watu waliokaa darasani miaka kumi, likipewa mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu, halipimi tena kumbukumbu. Linapima shule. Kosa la namna hiyo si kosa dogo la hesabu, kwani laweza kumvua mzee heshima yake, shamba lake, na hata usalama wa maisha yake.

Demensia ni nini?

Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali ambayo uwezo wa akili wa kukumbuka, kufikiri, kutumia lugha na kutambua wakati na mahali unapungua kuliko ulivyokuwa, hata mtu akashindwa kuzitimiza kazi zake za kila siku. Msomaji ayatie maanani maneno yale, "kuliko ulivyokuwa". Mtu ambaye tangu ujana wake hakujua kusoma hawi mgonjwa kwa sababu hajui kusoma uzeeni. Mgonjwa ni yule aliyekuwa na uwezo fulani, ukampotea.

Sababu za hali hiyo ni nyingi. Iliyo kubwa kuliko zote ni ugonjwa unaoitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Katika ugonjwa huo seli za ubongo hufa polepole kwa muda wa miaka mingi. Sababu ya pili ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, jambo ambalo huletwa na shinikizo la damu, kisukari na kiharusi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wana demensia, na kwamba wengi wao, zaidi ya asilimia 60, wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo huu si ugonjwa wa Ulaya pekee.

Kusahau kidogo uzeeni ni jambo la kawaida. Mzee akisahau mahali alipoliweka jembe, hapana ajabu. Lakini mzee akipotea njia ya kisimani aliyoipita miaka arobaini, au akiuliza swali lilelile mara kumi kabla ya chakula cha mchana, au akishindwa kuwatambua wajukuu waliolala nyumbani mwake, hapo yafaa apelekwe kwa tabibu. Tena apelekwe mapema, kwa kuwa si kila usahaulifu hauna dawa. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, sonona, damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka, maambukizo mbalimbali, pombe, na hata dawa nyingine za hospitali, vyote vyaweza kumfanya mtu aonekane kana kwamba ana demensia. Baadhi ya hayo hutibika kabisa.

Jaribio la alama 30

Jaribio lililoenea kuliko yote duniani lilichapishwa huko Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh. Lina alama 30, na kwa desturi anayepata chini ya 24 hutiliwa shaka. Mpimwaji huulizwa tarehe, siku, mwezi, majira na mwaka. Huulizwa pia mahali alipo, pamoja na ghorofa ya jengo. Hutajiwa vitu vitatu na baadaye kutakiwa avikumbuke. Hutakiwa atoe saba kutoka katika mia, kisha atoe saba tena, na kuendelea hivyo mara tano. Husoma amri iliyoandikwa na kuitii, huandika sentensi moja, na hunakili maumbo mawili yenye pembe tano tano yaliyopishana.

Tumchukulie sasa bibi wa kubuni aliyezaliwa Misigiri mwaka 1947, asiyewahi kwenda shule. Akili yake ni timamu. Anazijua mbuzi zake moja moja, anakumbuka madeni ya watu wote wa jirani, na watu humwendea kuuliza nasaba za koo. Tumpe jaribio hilo tuone. Hawezi kusoma amri, apoteza alama 1. Hawezi kuandika sentensi, apoteza 1. Hakuwahi kuchora umbo lolote kwa kalamu, apoteza 1. Kutoa saba saba hewani hakujui, ingawa hadanganyiki katika chenji ya sokoni, apoteza 5. Tarehe na mwaka havihesabu, kwa sababu shughuli zake zaenda kwa siku za mnada na kwa misimu ya mvua, apoteza 2. Swali la ghorofa halina maana katika nyumba isiyo na ghorofa, apoteza 1. Jumla ya hasara ni alama 11. Bibi huyu, ambaye kumbukumbu yake haina kasoro, amepata 19 katika 30 na amekwisha kuandikwa mgonjwa.

Jambo hili halikufichika huko huko Marekani. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya watu wazima zaidi ya 18,000 waliopewa jaribio hilo. Waliosoma miaka 9 au zaidi walikuwa na alama ya katikati ya 29. Waliosoma miaka 5 hadi 8 walikuwa na 26. Waliosoma miaka 4 au chini ya hapo walikuwa na 22, yaani chini ya ule mpaka wa 24. Mwalimu yeyote ataelewa maana yake. Ni sawa na mtihani wa fizikia ulioandikwa kwa lugha asiyoijua mtahiniwa: alama zitatoka, tena zitaonekana safi katika orodha, lakini hazitasema lolote juu ya fizikia.

Kizazi kilichopitwa na shule

Hapa kwetu suala la shule ni zito zaidi kuliko Marekani, nalo lina historia yake. Bibi wetu wa mwaka 1947 alikuwa na umri wa miaka 14 nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, wakati ambapo shule zilikuwa chache na wasichana walioingia humo walikuwa wachache zaidi. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipotekelezwa mwaka 1977, alikuwa na miaka 30 na watoto mgongoni. Elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 iliwafundisha wengi kusoma na kuandika, lakini ujuzi usiotumika kwa miaka mingi hufifia. Hivyo wale wanaofikia sasa umri wa demensia ndio kizazi ambacho shule iliwapita. Kuwapima kwa jaribio la shule ni kuwaadhibu mara ya pili kwa kukosa nafasi ambayo hawakupewa.

Lugha nayo ina mitego yake. Wazee wengi wa Iramba hufikiri, huomba na huhesabu kwa Kinyiramba au Kinyisanzu, na Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Tena kutafsiri maswali neno kwa neno hakutoshi. Jaribio la kuchora saa, ambalo nalo hutumika sana, aghalabu humtaka mpimwaji aweke mishale kwenye saa tano na dakika kumi za mchana. Kwa Kiswahili twasema "saa tano", lakini mshale mfupi huelekea tarakimu ya 11. Mzee akiuelekeza kwenye 5, je, amekosa akili au ametii alichoambiwa? Katika majaribio mengine huulizwa, "Daraja ni kitu gani?" Mzee akijibu kuwa ni ngazi ya ufaulu katika mtihani wa mjukuu wake, amejibu Kiswahili sahihi, lakini karatasi ya majibu inangoja habari za mto.

Funzo la Hai

Wako watakaouliza: kama ni hivyo, tuyatupe majaribio yote? Hasha. Mfano wa kurekebisha mizani badala ya kuitupa tunao humu humu nchini, katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Huko watafiti wa Kitanzania na wa Uingereza waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Walianza na jaribio ambalo lilikuwa limeundwa makusudi kwa ajili ya jamii zenye shule chache. Lilikuwa limetumiwa kwanza miongoni mwa Wakrii wa Kanada na baadaye Ibadan, nchini Nigeria. Jaribio hilo halimuulizi mzee peke yake. Humuuliza pia ndugu anayeishi naye, ili ijulikane kama mzee amebadilika.

Hata kwa jaribio hilo lililo bora zaidi, wazee 184 walitiliwa shaka ya kuwa na demensia, yaani kama 15 katika kila 100. Lakini madaktari walipowachunguza ana kwa ana na kuzingatia umri, kiwango cha ugonjwa kilikadiriwa kuwa asilimia 6.4. Tofauti hiyo yaonyesha kwamba jaribio ni mlango wa uchunguzi, wala si hukumu.

Kutokana na kazi hiyo lilitungwa Hai jaribio fupi la alama 15. Halihitaji kusoma wala kuandika. Mzee hutajiwa maneno kumi, na baada ya muda huulizwa anayakumbuka mangapi. Hutakiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Mahali pa kalamu na karatasi hupewa njiti za kiberiti, akaombwa aunde umbo kama lile aliloonyeshwa. Uwezo wa ubongo unaopimwa ni uleule unaopimwa na maumbo ya pembe tano, ila mkono hauhukumiwi kwa kukosa shule. Ukweli ni kwamba njiti ya kiberiti imefanya kazi ambayo vyombo vya bei kubwa havikuifanya.

Hesabu ya wanafunzi

Ningependa wanafunzi wa hisabati waitazame hesabu moja, kwani inafaa kwa kila kipimo cha afya. Tuchukue wazee 1,000 na kiwango cha ugonjwa cha Hai. Wagonjwa ni 64, wazima ni 936. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba jaribio letu ni zuri sana: katika kila wagonjwa 10 linawatambua 9, na katika kila wazima 10 linamsingizia mmoja tu. Wagonjwa watakaotambuliwa ni kama 58. Wazima watakaosingiziwa ni kama 94. Basi, katika watu 152 walioshindwa jaribio, wagonjwa wa kweli ni 58, yaani 38 katika kila 100. Walio wengi ni wazima!

Hesabu hii haisemi kwamba jaribio ni baya. Inasema kwamba kushindwa jaribio ni sababu ya kuchunguzwa zaidi, si sababu ya kubandikwa jina. Na jaribio likiwa halikuhakikiwa kwa watu wanaopimwa, idadi ya wanaosingiziwa huongezeka mara nyingi.

Gharama ya kukosea

Kukosea kwaweza kwenda pande mbili, na pande zote mbili zina maumivu. Upande mmoja ni kumwita mgonjwa yule aliye mzima. Mzee aliyebandikwa jina hilo hasikilizwi tena katika kikao cha ukoo. Shamba lake laweza kugawanywa naye yu hai, na neno lake likapuuzwa hata mbele ya baraza.

Upande wa pili ni kumwita mzima yule aliye mgonjwa, kwa kusema, "Ni uzee tu." Mzee huyo hutia dole gumba katika karatasi ya mauzo asiyoielewa. Dawa za shinikizo la damu humeza mara mbili au haziguzi kabisa. Ugonjwa wake unaotibika hauonekani. Na lililo baya zaidi, tabia zake ngeni, kama kutembea usiku, kusema peke yake, na kuwashuku jamaa zake, hupewa maelezo ya uchawi. Si siri kwamba katika mikoa kadhaa ya kati na magharibi ya nchi yetu wazee, hasa akina mama, wameshambuliwa na hata kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mahali ambapo ugonjwa hauna jina, uvumi huwa tayari kulitoa.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaodai kwamba familia inatosha kumjua mzee wake na kipimo hakihitajiki. Familia huona mengi, lakini mara nyingi huona kwa kuchelewa, kwa kuwa mabadiliko huja polepole. Wako pia wanaoficha kwa aibu, na wako wachache wanaotia chumvi kwa tamaa ya mirathi. Kipimo kilichohakikiwa, pamoja na ushahidi wa ndugu na uchunguzi wa tabibu, humlinda mzee dhidi ya makosa ya pande zote mbili.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, zahanati na vituo vya afya vitumie jaribio lililohakikiwa Tanzania, kama lile la Hai, badala ya kunakili la kigeni. Hata hilo la Hai lisichukuliwe hivi hivi. Wazee wa Iramba si wazee wa Kilimanjaro. Mpaka wa alama na maneno ya orodha vihakikiwe hapa, kwa wazungumzaji wa lugha za hapa.

Pili, kabla ya swali la kwanza, mpimaji aulize mambo manne: mzee alisoma miaka mingapi, lugha yake ya nyumbani ni ipi, anasikia vizuri, na anaona vizuri. Mtu mwenye mtoto wa jicho au masikio mazito hawezi kukumbuka asichokiona wala asichokisikia. Mtu mwenye homa asipimwe kumbukumbu siku hiyo. Atibiwe kwanza, kisha apimwe baadaye.

Tatu, ndugu anayeishi na mzee aulizwe kila mara swali lililo kubwa kuliko yote: amebadilika? Kama bibi aliyekuwa akipika ugali wa watu kumi sasa anasahau kutia unga katika maji yanayochemka, habari hiyo yaweza kuwa na uzito kuliko alama zote za karatasi.

Nne, shule zina sehemu yao. Wanafunzi wasiende nyumbani kuwafanyia babu na bibi zao majaribio haya kama mchezo. Hiyo si sayansi, ni kumdhalilisha mtu mzima. Lakini darasani waweza kujipima wao wenyewe. Mwalimu na asome maneno kumi ya Kiswahili, wanafunzi wafanye kazi nyingine kwa dakika tano, kisha waandike wanayoyakumbuka. Siku ya pili arudie kwa maneno kumi ya Kiingereza, na siku ya tatu kwa maneno kumi magumu ya lugha ambayo hakuna anayeijua. Wachore majedwali na kulinganisha wastani. Huenda wakaona kwamba vichwa vilevile, katika chumba kilekile, vimepata alama za aina tatu. Wakiisha kuliona hilo kwa macho yao wenyewe, hawatahitaji kuelezwa zaidi kwa nini mizani huhakikiwa.

Wanafunzi wanaozijua lugha za nyumbani wana hazina nyingine. Watabibu wetu wengi wametoka mikoa ya mbali, na hawawezi kumuuliza mzee swali la haki kwa lugha wasiyoijua. Kijana wa Misigiri atakayesomea uganga au uuguzi na kurudi Iramba atakuwa na chombo ambacho hakiuzwi popote. Ataweza kumsikia mzee akikosea, na kujua kama lililokosea ni akili ya mzee au ni swali aliloulizwa.